Nyota Nne na Aya ya Herufi Ndogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uwayezu alikuwa na kazi mbili: kufagia kiwanja cha nyumba yao huko Gihundwe, na kuosha vioo vya gari la baba yake. Ya kwanza aliifanya kwa kununa. Ya pili aliifanya huku akiimba, kwa sababu gari lile lilikuwa fahari ya nyumba nzima.

Ulikuwa mwaka 2001, na Uwayezu alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Védaste Karangwa, alilelewa Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi, akarudi Rwanda na familia yake baada ya mauaji ya 1994. Kule ng'ambo vita vilikuwa bado havijakoma, na duka aliloliacha lilikuwa limekwisha kuporwa. Gari dogo la buluu, lililozeekea Ulaya kabla ya kuletwa kwetu, ndilo lililomsimamisha tena. Alibeba abiria kutoka mjini Kamembe kushuka uwanda wa Bugarama, wanakolima mpunga.

Siku gari lilipofika, chini ya kiti walikuta gazeti la magari la Kifaransa. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya gari la jina lilelile, limegongeshwa ukutani makusudi. Karangwa alikisikia Kifaransa vizuri, ila kukisoma kulimshinda. Akamwita binti yake mbele ya majirani na mbele ya rafiki yake Birindwa, fundi wa magari.

"Soma, mutoto. Inasema nini?"

Uwayezu akasoma kwa sauti, akaeleza. Kule Ulaya, alisema, wataalamu huweka sanamu za watu ndani ya gari, wakaligongesha, kisha wakapima sanamu zimeumia wapi. Gari linalolinda watu wake vizuri hupewa nyota nyingi. Hili lilikuwa limepewa nne.

"Nyota ine!" Birindwa akapiga makofi. "Védaste, umenunua ngome."

Majirani wakacheka, wakamsifu msomaji. Mama mmoja akasema mtoto huyu atakuwa daktari. Chini ya picha kulikuwa na aya moja zaidi, ya herufi ndogo kama mbegu za ulezi, na maneno yake yalikuwa magumu. Uwayezu aliitupia jicho. Angesema, "Hapa sielewi," lakini kichwa kilikuwa kimekwisha kuvimba kwa sifa, na kichwa kilichovimba hakipendi kuinama. Akafunga gazeti.

"Imeishia hapo, Papa."

Wiki hiyo hiyo Karangwa alimwita mchoraji, akachorewa nyota nne za manjano nyuma ya gari. Kamembe nzima ikaliita Nyota Ine. Abiria walioogopa kona za kushukia Bugarama wakalikimbilia, na Jumamosi Uwayezu alisimama kando ya gari na gazeti lake, akiwasomea waliotaka kusikia. Mmoja wao alikuwa Mukabera, mjane aliyelima mpunga Bugarama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ni kweli kabisa, mwana wangu?" Uwayezu akajibu kwamba ni kweli kabisa. Tangu siku hiyo Mukabera hakupanda gari lingine.

Basi siku moja mwalimu aliwaazima wanafunzi kamusi. Uwayezu akaifungua ile aya ndogo, akaitafuta neno kwa neno.

Aya ilisema hivi: nyota hizo ni za watu waliofunga mikanda, maana sanamu zote zilikuwa zimefungwa. Zinahusu gari linalogongana na kitu cha uzito kama wake, si lori lililojaa mzigo. Tena ni za magari yaliyotengenezwa tangu mwaka 1997, yenye mfuko wa hewa katika usukani. Ya zamani zaidi hayamo, hata kama jina ni lile lile. Karatasi za gari lao zilisema 1992.

Nyota zile hazikuwa zao. Walikuwa wamevaa nguo ya mwenzao.

"Nitasema kesho," Uwayezu alijiambia. Kesho ikaja, baba akawa na furaha, akanyamaza. Kesho nyingine ikaja na rangi ya zile nyota ikiwa bado mpya. Mwongo wa siku ya kwanza huwa na kazi ndogo tu ya kurudisha neno. Wa wiki ya tatu ana mlima wa kupanda, na Uwayezu aliutazama mlima wake akakaa chini.

Msimu wa mavuno ulipofika, magunia ya mpunga yalipakiwa juu ya gari, na kamba zikawa zinateleza. Birindwa akatazama kiti cha nyuma.

"Hii mikaba ya nyuma haina kazi," alisema, akishika mikanda ya usalama. "Batu habaifunge. Tuikate, ifunge magunia. Haikatike hata siku moja."

Karangwa akasita, akamgeukia binti yake aliyekuwa akiosha kioo. "Uwayezu, ile karatasi inasema kitu juu ya mikaba?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa wazi, na yeye akaufunga kwa mkono wake.

"Hapana, Papa."

Birindwa akachukua kisu.

Siku tisa baadaye, mvua ikinyesha, Nyota Ine ilikuwa ikipanda kutoka Bugarama na magunia ya mpunga juu. Ndama akaruka barabarani. Karangwa akakata usukani, gari likateleza kwenye tope, likagonga ukingo wa mlima. Yeye alikuwa amefunga mkanda wa mbele, akapata mchubuko kifuani. Mukabera alikuwa peke yake nyuma, hana cha kufunga. Alirushwa juu ya kiti cha mbele, akavunjika mkono na mfupa wa bega. Magunia yote yalibaki juu ya gari, yamefungwa imara kwa mikanda ya kiti chake.

Uwayezu alidhani sasa watu watazichukia zile nyota. Kumbe ndiyo kwanza wakazidi kuziamini. "Gari imegonga mlima na hakuna aliyekufa," walisema. "Ingekuwa ingine, tungezika." Hata Karangwa aliirudia kauli hiyo kila mgeni alipoingia kumpa pole. Birindwa akainyoosha bodi kwa nyundo. Jumatatu gari lingerudi barabarani, na watu watano walikuwa wamekwisha kuomba nafasi, mmoja wao mwenye mtoto mchanga.

Uwayezu alishindwa kula. Akimwangalia baba yake anavyosema na wageni, aliona aibu mpaka akatoka nje. Mkono uliovunjika ulikuwa wa Mukabera, lakini aliyeuvunja, kwa hesabu yake mwenyewe, ni yeye. Na Jumatatu huenda akamvunja mwingine.

Jumapili mchana alikwenda na baba yake hospitalini kumpelekea mgonjwa chakula. Mukabera alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kifuani. Alipomwona mtoto akatabasamu.

"Usinikunjie sura hiyo, mwana wangu. Weye njo uliniokoa na ile karatasi yako. Nikitoka hapa, nitapanda tu gari yenu."

Maneno hayo yalimchoma Uwayezu kuliko fimbo. Akaweka bakuli mezani, akapiga moyo konde.

"Maman, sikukusomea yote," alisema, machozi yakimtoka. "Kulikuwa na aya nyingine. Inasema nyota ni za watu waliofunga mikanda. Inasema ni za magari mapya, si kama letu. Nilijua. Papa aliniuliza juu ya mikaba, nikamdanganya."

Karangwa alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na Uwayezu akangoja kofi. Halikuja.

"Ulijua mbele tukate mikaba?" baba aliuliza polepole.

"Ndiyo, Papa."

Karangwa akaketi ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyechoka ghafla. "Umekosa, na kosa lako ni kubwa. Lakini kisu tulikishika sisi bakubwa. Nilipenda kusikia nyota, sikuuliza ingine." Akasimama, akavaa kofia. "Ninaenda kwa Birindwa. Kesho ile gari haitoke. Mikaba ya zamani imekatika. Itafutwe mipya ya kila kiti, na zile nyota zifutwe. Hao batu batano, weye mwenyewe utabaambia kwa nini."

"Ndiyo, Papa," alisema Uwayezu.

Karangwa alipotoka, Mukabera aliangalia mkono wake. Hakumficha mtoto kwamba ana uchungu.

"Miye sijue kusoma," alisema. "Muntu asiyejua kusoma anaazima macho ya mwenzake. Ukinisomea nusu, umenitoa jicho moja, na nitaanguka shimoni nikikushukuru. Sifa ni nzuri, lakini haifunge muntu kwenye kiti. Umesikia?"

"Nimesikia, Maman. Unisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa tuone kama umesikia kweli." Akatoa karatasi chini ya mto. "Daktari ameiacha asubuhi. Nesi alisema tu nitapona. Soma yote, hata ile ya kidogo kidogo."

Uwayezu akaikunjua. Juu ilisema mifupa itaunga vizuri. Chini, kwa mwandiko uliobanana, kulikuwa na mistari miwili zaidi. Akaisoma kimya, akatamani isingekuwapo.

"Juu inasema utapona," alisema. "Chini inasema usibebe mzigo wala kuinama shambani kwa miezi minne. Mpunga wa msimu mpya hutaweza kuupanda, Maman."

Mukabera alifumba macho. Chozi moja lilimtoka, akalifuta kwa mkono mzima.

"Kitalu changu kinafika kupandwa wiki ijayo," alisema. "Usingenisomea yote, ningelala hapa nikingoja kupona, miche ingeharibika. Chukua daftari, mwana wangu. Andika barua kwa dada yangu Bugarama, atafute watu wa kupanda, aanze kesho."