Sala Ndefu ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alishinda kutwa na pini mdomoni. Kwa hiyo mchana hakusema sana. Maneno yote aliyoyameza yalisubiri chakula cha jioni. Hapo pini zilitoka, na maneno nayo yakatoka.

Yalitoka kwa njia ya sala.

Fundi alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa kwenye kamati ya ujenzi, ya kwaya, ya mazishi, na ile ya kusimamia kamati nyingine. Mtu wa heshima hiyo aliona haya kugombeza watu mezani. Basi mkewe na binti yao aliwasemea kwa Mungu, nao wako palepale, macho wamefumba.

"Bwana, unamwona huyu binti yangu," alisali jioni moja. "Amekuwa wa thelathini na nane kati ya watoto arobaini. Na wale wawili wa mwisho, Bwana, walikuwa wagonjwa siku ya mtihani! Mtoe roho ya uvivu. Tena unajua ni nani aliyeacha mlango wazi, kuku wakaingia jikoni..."

Mkewe alikohoa.

Sala ikaendelea. Mvuke ukaisha kwenye sufuria. Majirani walikuwa wakiapa kwamba nzi aliyetua mezani kwa fundi wakati wa "Bwana" alikuwa na wajukuu ilipofika "Amina".

"Muhula huu ukiisha, Bwana, namtoa shule," fundi alimaliza. "Atakaa na mimi hapa ashone vifungo. Nimechoka. Amina."

Binti alikuwa na miaka kumi na tatu. Habari kubwa kama hiyo ya maisha yake aliipata hivyo, macho yakiwa yamefumbwa. Hakuitikia. Alisukuma sahani, akaenda zake chumbani.

"Umeona?" fundi alimgeukia mkewe. "Miezi miwili hata amina hasemi! Mimi niliyefundisha semina ya malezi, watu wakalia! Nyumbani kwangu naongea na ukuta!"

"Huongei naye, mume wangu. Unaongea na Mungu. Sisi tunasikilizia pembeni kama wapangaji. Haya, kula maharage yako. Yamekuwa barafu."

Kesho yake alikuja jirani yao, mhudumu wa zahanati. Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Mfuko wa koti lake jeupe ulikuwa umechanika.

Fundi alichukua sindano nyembamba. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaifokea. Uzi haukupita. Macho yake ya kushonea yalikuwa yamezeeka.

"Binti! Njoo unitungie uzi!"

Binti alikuja. Alileta sindano mpaka karibu na ncha ya pua, akapitisha uzi mara moja tu.

"Umemwona?" fundi alisema, pini zikicheza mdomoni. "Macho ya mwewe. Akili ndiyo hataki kutumia."

Mama Sindano hakucheka. Alimtazama binti, kisha akanyoosha kidole nje. "Mwanangu, duka lile ng'ambo ya barabara lina kibao. Kimeandikwa nini?"

Binti alikunja uso. "Kibao gani, shangazi?"

Pini zilimdondoka fundi. Kibao kilikuwa kikubwa kama mlango, na herufi nyekundu!

"Acha mzaha, wewe!"

"Hakuna mzaha hapa. Nyamaza kidogo, fundi," Mama Sindano alisema. "Kuna macho yanayoona vizuri vya karibu. Vya mbali kwayo ni ukungu mtupu. Si uvivu, wala si pepo. Mtoto wa hivyo anasoma kitabu mkononi, lakini ubaoni haoni kitu. Utamwona anakunja uso. Anasogelea vitu. Kichwa kinamuuma akitoka shule. Dawa yake ni kupimwa macho hospitali. Akihitaji miwani, atapewa."

"Kichwa kinaniuma kila siku," binti alisema polepole.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" fundi alifoka.

"Nikuambie saa ngapi, baba? Mchana una pini. Jioni una sala."

Mke wa fundi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliondoka haraka, eti kuna kitu kinaungua jikoni. Hakukuwa na kitu jikoni. Alikwenda kucheka.

"Fundi," Mama Sindano alisema, "tunasali kanisa moja, acha nikuambie. Kumwombea mtoto ni jambo jema, usiache. Lakini wewe unamshtaki. Umemfanya Mungu mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Huyu ataitikiaje amina kwenye hukumu yake mwenyewe?"

"Nataka niishi maisha yenye maana, mama. Kamati zote zile..."

"Siku ukiondoka, kamati zitachagua mtu mwingine kabla chai haijapoa. Baba wa huyu mtoto atachaguliwa wapi?"

Fundi alikuwa na jibu, tena refu. Akakaa ili alitoe vizuri. Akakalia pini.

Jumatatu alimpeleka binti hospitali. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alikosa kikao cha ujenzi, na paa la kanisa halikuanguka. Miwani ilipopatikana, binti alisoma njia nzima. Alisoma vibao, namba za magari, hata karatasi iliyokuwa ikipeperuka. Kisha akamtazama baba yake.

"Baba! Kumbe una mvi!"

Habari ya vifungo ikafa hapohapo. Mama Sindano aliwapa utaratibu mpya. Kabla ya chakula, pini zitoke, fundi amuulize binti swali moja, kisha anyamaze asikilize. Kosa lisemwe ana kwa ana. Sala iwe sala. Kunyamaza ndiko kulikomtesa fundi. Wiki ya kwanza alitafuna uzi.

Mwisho wa muhula binti alikuwa wa kumi na tisa. Jioni hiyo fundi alimwomba yeye asali.

"Bwana," binti alianza, "unamwona huyu baba yangu."

Fundi akafumbua jicho moja.

"Siku ile aliacha kikao kwa ajili yangu. Asante. Na chakula asante. Amina."

"Ndiyo imeisha?" fundi aliuliza.

"Kinapoa, baba."

"Amina," fundi alisema. Akachota maharage kama alivyozoea, kijiko kimejaa, akayatia mdomoni, na ulimi ukaungua.