Mnazika Lini?

Simu ilitetema juu ya sahani ya bati, gizani, kabla jogoo hawajawika. Nyamoita aliidaka upesi isimwamshe binti yake, Nyakerario. Huenda ni yeye.

Hakuwa yeye. Alikuwa kaka yake, Okari.

"Tuko hapa Homa Bay, mochari. Tunachukua mwili wa mama sasa hivi. Na yule Mtanzania wako?"

"Usiniulize, Okari."

"Lazima nikuulize. Mtu hakuji kuzika mama yako, asikuje kukuoa. Hiyo nimemaliza."

Simu ikakatika. Nyamoita akabaki kitandani ameshika kichwa. Wiki mbili mama yake alikuwa mochari, jamaa wakingojewa wafike kutoka mbali, na katika siku hizo zote Mohammad, huyo Mtanzania, hakuuliza swali ambalo kijijini kwao Lambwe kila mtu alimuuliza kwanza, hata jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba: mnazika lini?

Walikutana mwanzoni mwa mwaka, stendi ya Migori, katikati ya makelele ya manamba wa matatu na wachuuzi. Nyamoita alikuwa akipakia ndizi za kwenda kuuza katika soko la Kosele. Kijana alikuwa ametoka mpakani, begi mgongoni, shati jeupe limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Samahani dada yangu, naomba nikuulize, kama sitakusumbua..."

"Si uulize tu! Kwani swali linalipiwa?"

Nyamoita alicheka hadi mkungu ukamponyoka. Kijana akaudaka. Jina lake Mohammad, mtu wa Tanga, na alikuwa akienda Kosele kujitolea mwaka mmoja kama msaidizi wa darasa, kabla ya kuingia chuo kikuu.

"Kumaanisha hulipwi?"

"Silipwi, dada."

"Na utakula nini, hiyo adabu yako?"

Kumbe darasa lenyewe lilikuwa la Nyakerario. Mohammad alifuta pua, alichonga penseli, aliwafundisha watoto kusema "naomba" mpaka soko zima likawa linacheka. Jioni alipita kwenye kibanda cha ndizi.

"Mwalimu wa kamasi!"

"Naam, roho yangu. Umeshindaje?"

Hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza Nyamoita ameshindaje, kisha akangoja jibu. Alipompeleka Lambwe kwa mama, mama alimtazama akimfuta mtoto, akasema, "Huyu anafuta pua ya mtoto si wake na hakunji uso. Usimwachilie."

Shule zilipofungwa Mohammad akaenda Tanga kuwaona wazazi. Kabla wiki haijaisha, mama akaanguka shambani, asiinuke tena. Nyamoita alipiga simu akilia. Mohammad naye akalia.

"Inna lillahi... Pole, mpenzi wangu. Mungu akutie nguvu."

Basi. Hakusema anakuja. Nyamoita alivumilia siku kadhaa, akampigia tena.

"Mohammad, hakuna kitu unataka kuniuliza?"

"Nikuulize nini, mpenzi? Pumzika. Sitaki kukuchosha na simu wakati wa msiba."

Usiku huo Nyamoita aliifungia namba yake. Akalia kwa ajili ya wawili, mama na Mohammad, na hakujua chozi lipi ni la nani.

Sasa kulikuwa kumekucha. Mahema yalikuwa yamesimama, kwaya ya Wasabato ikijaribu sauti, wanawake wakimenya ndizi za wageni. Nyamoita, gauni jeusi na kitambaa cheupe kichwani, aliinua macho akaona kanzu langoni. Imejaa vumbi hadi magotini. Mohammad, mkononi chupa ya marashi ya mawaridi.

Alimwendea mbio, si kwa kumkumbatia.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kumsomea mama dua kaburini na kulinyunyizia marashi. Najua nimekosa maziko, Nyamoita. Simu hushiki, nikasema heri nije nitukanwe uso kwa uso. Nionyeshe kaburi, kisha ukinifukuza nitaondoka."

"Kaburi gani?"

Nyamoita akanyosha mkono, Mohammad akaufuata kwa macho. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo, udongo mweusi umelundikwa kando, bado mbichi.

"Hamjamzika?"

"Ni leo! Kwani ulifikiria aje?"

"Kwetu mtu akifa asubuhi, jioni tumesharudi kutoka makaburini. Hatuulizani lini, jua ndilo linalosema. Uliponipigia nilijua kesho yake mmemaliza, na mimi niko Tanga. Nikaona aibu hata kuuliza ilikuwaje."

Nyamoita akaketi kwenye nyasi, gauni na yote. Alitaka kucheka, kikatoka kilio.

"Si ungeuliza mtu, Mohammad! Mtu yeyote!"

"Mama yangu alisema mfiwa hasumbuliwi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemwambia nataka kuoa Kenya."

"Kenya yote?"

"Mmoja tu. Mkali."

"Nyamaza, watu wanatuangalia."

Gari la maiti likaingia na vilio vikapanda. Okari alishuka, akaitazama kanzu kutoka chini hadi juu.

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kuzika, shemeji."

"Nani shemeji yako?"

Hakukuwa na wakati wa kueleza. Jeneza liliwekwa chini ya hema, familia ikajipanga kando yake. Mchungaji akafungua Biblia, akasema, "Wakwe wa marehemu nao wasimame hapa na familia."

Mohammad alikuwa kwenye nguzo ya mwisho ya hema, chupa kifuani, macho kwa Okari. Okari alitazama viatu vyake. Nyamoita, akijua kanisa zima linamwona, na kwamba msikiti na kanisa bado vingewapa maneno mengi ya kuongea, alisogea hatua moja, akaacha nafasi kati yake na binti yake.

Mohammad hakuthubutu kuinua mguu.

Nyakerario akageuka, akamtafuta kwa macho mpaka akamwona.

"Mwalimu, njoo usimame na sisi."