Orodha ya Wanaoondoka

Dadaab. Ijumaa, Aprili 1996. Saa 4:10 asubuhi.

Diriye alichora ofisi ya shirika la wakimbizi kwa mkaa nyuma ya katoni ya majani chai. Lango. Jenereta. Chumba cha kompyuta.

Walikuwa watatu katika stoo ya nyuma ya duka la nguo. Diriye, mtekaji malori wa barabara ya Wajir. Olow, dereva wake, mtu wa kutafuna miraa na kunyamaza. Na Istar, ambaye hakuwahi kuiba hata sindano.

"Saa saba kasorobo wafanyakazi wanaenda msikitini," Diriye alisema. "Anabaki mlinzi mmoja. Abaayo, dada yangu, unataka muda gani?"

"Dakika kumi na tano."

"Na lile neno la siri?"

"Sina. Lakini programu yao inaliandika wazi ndani ya faili ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua."

Kosa hilo Istar aliligundua mwaka uliopita, shirika lilipomwita kutoka Garissa atengeneze printa. Alikuwa amesomea kompyuta Mogadishu kabla ya vita. Aliwaandikia barua ya kurasa mbili kuwaonya. Miezi minane, kimya. Alipanga chumba kimoja mjini Garissa, akala peke yake, akalala peke yake. Mtu wa kwanza kumuuliza habari za barua ile alikuwa Diriye.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na orodha ya wakimbizi watakaopelekwa ng'ambo mwezi wa Juni. Diriye alikuwa na watu saba wanaotafutwa na polisi, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Saba wafutwe, saba waingie.

"Na mimi wa nane," Istar alisema.

"Wallahi, wewe wa nane."

Olow alitema miraa. Hakumtazama yeyote.

Saa 6:50 mchana.

Pikapu ilisimama nyuma ya ua wa miiba, Olow akabaki kwenye usukani. Diriye alimpiga mlinzi, mzee Duale, kwa kitako cha bastola. Mzee alianguka bila sauti. Istar alipita pembeni yake, akaingia chumba cha kompyuta.

Saa 6:58.

Alifungua faili. Neno la siri likajitokeza kwenye kioo, herufi sita tu: dadaab. Akaliingiza. Orodha ikafunguka.

Diriye alimpa karatasi. Majina saba. Istar aliigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Jina langu?"

"Orodha ijayo, abaayo. Andika."

Diriye akaenda dirishani kulinda. Istar hakuandika hata moja kati ya yale saba. Kwenye sehemu ya kutafuta aliandika jina alilotaka kuliandika kwa miaka mitano: Shirwa, kaka yake, aliyepotezana naye siku ya kukimbia Mogadishu.

Mashine ilikwaruza kidogo, kisha ikajibu. Shirwa. Kambi ya Ifo. Aliondoka Februari 1994, kwenda Kanada.

Miaka miwili kaka yake alikuwa Ifo, hapo hapo Dadaab, safari ya asubuhi moja kutoka Garissa. Chini yake yaliandikwa majina ya jamaa. Baba, amefariki. Mama, amefariki. Istar, dada, amefariki. Aliyetoa habari: Shirwa mwenyewe.

Aliusoma mstari ule mara tatu. Kaka yake alikuwa amekwisha kumlilia, akafunga safari.

Saa 7:06.

Honi ililia nje. Vumbi la Land Rover ya polisi lilionekana upande wa soko.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi baki." Diriye aliruka dirisha. Pikapu ikaondoka kwa kishindo kuelekea barabara ya Liboi.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na baada ya ua kulikuwa na vichaka. Angeweza kukimbia. Istar alirudi kwenye kiti. Alifuta neno "amefariki" kwenye mstari wake, akaandika "hai". Akaongeza anwani yake ya Garissa. Akahifadhi. Wale saba wa kufutwa, waliokuwa wakingoja Juni, hakuwagusa.

Kisha akatoka nje, akaketi chini, akakifunga kichwa cha mzee Duale kwa ushungi wake. Hapo ndipo polisi walipomkuta.

Jumatatu. Saa 3:00 asubuhi.

Selo ilikuwa na mwanamke mmoja tu, yeye. Inspekta alimweleza kupitia nondo. Olow alikuwa amewauza tangu Jumatano. Alimpeleka Diriye moja kwa moja hadi kwenye kizuizi cha polisi. Diriye alitoa bastola, akapigwa risasi. Duale ataishi.

Nyuma ya inspekta alisimama fundi wa kompyuta kutoka Nairobi, kijana mpole, jasho likimtiririka.

"Nimesema ukweli kwenye ripoti, dada," alisema. "Kwamba hukufuta mtu. Itakusaidia kortini."

"Asante."

"Na hakuna hasara. Hatukuwa na hakika kama uligusa kitu kingine, kwa hiyo nimefuta yote, nikarudisha nakala ya Alhamisi, kabla hujaingia."

Istar alishika nondo. "Yote?"

"Kila jina kama lilivyokuwa."

Kijana alitabasamu, akangoja afurahi. Istar aliziachia nondo, akarudi ukutani, akaketi.