Mlango wa Stoo

Kwaru, kwaru, kwaru. Kabla ya alfajiri, brashi ilikuwa ikisugua ubao uani.

Bibi alivaa kandambili, akatoka. Alimkuta mke wa mwanawe amepiga magoti mbele ya mlango wa stoo. Kando yake palikuwa na taa na ndoo ya maji meusi.

"Mwanangu, hulali?"

"Usingizi umenikataa, mama. Nikaona nikusaidie. Mlango huu umechafuka mkaa miaka yote."

Bibi aliupapasa mlango. Mistari ya chini ilikuwa imefutika. Kisha akamwondolea mkwewe brashi mkononi, taratibu.

"Asante kwa moyo wako. Sasa niambie kilichokunyima usingizi."

Mkwe huyo alikuwa mwalimu wa darasa la tano.

"Ni somo la mabadiliko ya tabianchi. Kitabu ni kimoja, na picha yake ni ya barafu inayoyeyuka baharini. Mwaka jana mtoto aliniuliza, 'Mwalimu, kwani umeme ulikatika?' Darasa likacheka, nami nikakwama. Kesho kutwa nafundisha tena. Leo nataka nimwambie mwalimu mkuu ampe mtu mwingine somo hilo."

Bibi aliketi kizingitini.

"Zamani sikujua kuandika," alisema. "Basi kila wiki baada ya mwaka mpya nilichora mstari mmoja wa mkaa hapa. Mvua ya kupandia ikinyesha, naacha. Mwaka unaofuata naanza safu mpya chini yake. Nikazoea, sijaacha mpaka leo."

Mwalimu aliitazama ndoo.

"Mama! Nimekufutia miaka mingapi?"

"Kumi hivi. Usilie. Ya juu ipo."

Lakini machozi yalikuwa yameshatoka.

Kulipokucha, Bibi alimshika mkono hadi kwa jirani, mzee anayesoma kipimo cha mvua kwenye kituo cha hali ya hewa.

"Hodi!"

"Karibuni! Mmekuja kuwashtaki kuku wangu?"

"Leo kuku wako wamesalimika. Tunatafuta miaka iliyopotea."

Mzee alisikiliza bila kucheka. Alichukua daftari zake za zamani, wakarudi wote mlangoni. Kwanza alilinganisha safu za mkaa zilizobaki na maandishi yake.

"Zinalingana! Ila safu hii hapa umekosea wiki moja."

"Sikukosea. Mvua ilianza kwangu, kwako ikachelewa."

"Haya, umeshinda. Mvua haigawi sawa." Alimgeukia Mwalimu. "Binti, una chaki?"

Mwalimu alikuwa nayo mkobani. Mzee alisoma daftari, naye Mwalimu akachora safu zilizofutika. Juu mkaa mweusi, chini chaki nyeupe. Walipomaliza, Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili.

"Za chini ni ndefu zaidi," alisema polepole. "Mvua inazidi kuchelewa."

"Ndiyo," Mzee alisema. "Mvua ya leo ni hali ya hewa. Mazoea ya mvua na joto kwa miaka mingi, thelathini au zaidi, ndiyo tabianchi. Mtu akichelewa siku moja, humwiti mchelewaji. Akichelewa kila mara, unauliza kuna nini. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe tunayochoma duniani unaongeza joto, na joto linavuruga mvua. Lakini mlango mmoja ni shahidi mmoja. Waambie watoto waulize na wazee wao."

Mwalimu hakwenda kwa mwalimu mkuu. Alileta darasa zima uani. Watoto walihesabu mistari kwa vidole.

"Kumbe ndiyo maana babu alipanda mara mbili!" mmoja alisema. "Mbegu za kwanza ziliungua na jua."

"Basi tarehe za zamani za kupanda pekee hazitoshi," Mwalimu alijibu. "Tutazame pia kipimo. Twendeni tukakione."

Kituoni, Mzee alikuwa amefagia njia na kuvaa shati lililopigwa pasi. Kila mtoto alisoma kipimo kwa zamu. Wa mwisho alikuwa mfupi, hakifikii, na Mzee akamnyanyua.

Walipokuwa wakiaga, Mzee alisimama getini ameshika kofia.

"Mwalimu, miaka yote hii nakisoma peke yangu," alisema. "Mvua ikinyesha, mje tena. Na huyu mfupi msimwache."