Alama za Mama

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, meza ya chakula iligeuka kuwa chumba cha mtihani. Baba, ambaye alikuwa fundi seremala, alifuta makombo na kuihamishia redio yake chumbani. Mama alikaa upande wa ukutani na penseli zake zilizochongwa vizuri. Binti yao, mwanafunzi wa darasa la sita, aliiweka saa mahali ambapo Mama angeiona bila kuinua kichwa, kisha akakohoa kama mtu mzima.

"Watahiniwa wote, anzeni!"

"Mtahiniwa ni mmoja tu, Chiriku," Baba alinong'ona.

"Basi aanze huyo huyo!"

Baba ndiye aliyembandika jina hilo la Chiriku, kwa sababu mdomo wa binti yake haukujua likizo. Lakini saa ya mtihani alikuwa kimya kabisa. Kazi aliyopewa aliipenda mno: yeye ndiye msimamizi, na yeye ndiye msahihishaji.

Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo hospitalini. Kutwa alishinda na mashuka, mvuke na mashine zinazonguruma. Alipopeleka mashuka safi wodini, alipenda kusimama kidogo akiwatazama wauguzi. Moyo wake wote ulikuwa huko. Chuo cha uuguzi kilipokea watu kwa mtihani mmoja. Watahiniwa wote walipewa maswali yale yale na muda ule ule. Kila swali lilikuwa na majibu manne, nawe ulichagua moja na kujaza kiduara chake kwa penseli.

Mwaka uliotangulia Mama aliufanya mtihani huo, akashindwa. Alikuwa amesoma mpaka macho yakawa mekundu, lakini hakuwahi kuona karatasi ya mtihani wa namna ile. Alinasa kwenye swali moja la hesabu kama gari kwenye tope. Kengele ilipolia, kurasa nzima za ufahamu zilikuwa hazijaguswa. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wiki zikapita bila Chiriku kusikia kicheko cha mama yake.

Safari hii Mama alikwenda kwanza maktaba. Dada anayehudumu pale alimtolea karatasi za mitihani ya miaka ya nyuma pamoja na majibu yake.

"Dada yangu, mwaka jana uliyasoma masomo," alimwambia. "Mwaka huu usome na mtihani wenyewe. Jua una sehemu ngapi na kila sehemu ina muda gani. Anza na maswali mepesi. Gumu liwekee alama, lipite, utalirudia. Na kwa kuwa hapa jibu baya halipunguzi alama, usiache kiduara kitupu. Halafu jipime nyumbani kwa saa, usahihishe, uone unapokosea."

Ndivyo Chiriku alivyopata kazi. Siku ya kwanza Mama alijibu ufahamu vizuri sana. Lakini hesabu! Asilimia na uwiano vilikuwa vimemgaragaza. Chiriku alihesabu alama za vema mara mbili, akidhani amekosea. Alama zilikuwa kumi na moja kati ya thelathini.

"Nimepata ngapi, mwanangu?" Mama aliuliza kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Chiriku akakumbuka zile wiki za ukimya. Ulimi ukateleza.

"Ishirini na moja, Mama!"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akicheza. Baba akapiga makofi. Nyumba ikachangamka, na Chiriku akajiambia kwamba hajafanya kosa lolote. Amempa mama yake furaha tu. Wiki iliyofuata akaongeza alama tena, na iliyofuata hivyo hivyo. Karatasi alizosahihisha alizificha chini ya godoro lake, naye Mama, kwa kumwamini, hakuziulizia.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, Mama na Chiriku walirudi maktaba.

"Hesabu nimezimudu," Mama alimwambia yule dada, akitabasamu. "Siku zilizobaki sizigusi tena. Nitakazana na sayansi."

"Vizuri sana. Ukishajua uliposhika, muda wako uupeleke kwingine."

Chiriku akazikumbuka karatasi zilizo chini ya godoro. Njiani alitembea nyuma ya mama yake bila kusema hata neno moja, mpaka Mama akageuka. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Chiriku akinyamaza, ama anaumwa, ama kuna jambo."

Walipofika nyumbani, Chiriku aliingia chumbani, akazichomoa zile karatasi, akaziweka mbele ya mama yake. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Mama, nimekudanganya. Alama za hesabu si zile. Nilikuwa naongeza. Sikutaka unune... sikutaka uwe kama mwaka jana."

Mama alizipitia karatasi moja baada ya nyingine. Uso wake ukabadilika.

"Nilicheza na mwiko kwa kumi na moja," hatimaye Mama alisema.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekasirika, sikufichi. Ningeingia kule kifua mbele na kuanguka palepale nilipoangukia." Akavuta pumzi ndefu. "Lakini umesema wakati bado naweza kufanya kitu. Lete kalamu nyekundu. Kaa hapa."

Wakapitia makosa yote upya. Yapo aliyokosa kwa haraka tu, na yapo aliyokosa kwa kusoma swali nusunusu. Mengi, hata hivyo, yalikuwa ya asilimia na uwiano, ambayo hakuyaelewa kabisa. Kesho yake Chiriku alimwomba mwalimu wake wa hesabu amweleze asilimia tena, polepole. Jioni akamweleza Mama. Mama akiuliza swali ambalo Chiriku halijui, Chiriku alikwenda kuuliza tena, mpaka mwalimu akacheka. "Kwani huu mtihani ni wako au wa mama yako?"

"Wa nyumba nzima, Mwalimu!"

Sasa Chiriku alisahihisha bila huruma. Kumi na tatu, akasema kumi na tatu. Mama alikunja uso, akaomba karatasi nyingine. Kumi na nane. Ishirini. Jioni moja alifika ishirini na tano, na Chiriku akahesabu mara tatu kabla ya kupiga kelele iliyomfanya Baba aje mbio na nyundo mkononi.

Siku ya mtihani Mama aliamka ametulia. Alikuwa amelala mapema, akanywa chai na mayai, akahakikisha penseli na kitambulisho viko mkobani. Chiriku na Baba walimsubiri nje ya ukumbi. Watahiniwa walianza kutoka, wengine wakishika vichwa. Mama alitoka akitembea wima.

"Lilikuja swali la kunasa," alisema. "Nikaliwekea alama, nikalipita. Nilipomaliza mengine yote nikalirudia, nikalikamata!"

Matokeo yalikuja kwa simu, adhuhuri, wakati Chiriku amempelekea mama yake chakula kazini. Mama alisoma ujumbe, akausoma tena, kisha akampa Chiriku simu. Chiriku akasoma kwa sauti kubwa kuliko mashine.

"Umechaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi!"

Wenzake Mama walizima mashine. Wakapiga vigelegele, wakapunga mashuka juu kama bendera, na msimamizi wao, mzee mkali asiyecheka, akamshika Mama mkono akamwita "muuguzi wetu." Mama alicheka mpaka akalia, kisha akamvuta binti yake kando.

"Nakushukuru, mwanangu. Nilihitaji mtu wa kunionyesha nilipokuwa nakosea, na mwishoni ulikuwa mtu huyo. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, hata kama itamnunisha leo. Na wewe ukipata alama mbaya, usizifiche wala usizililie. Zisome vizuri, maana ndizo zinazokuonyesha pa kuanzia kazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Haya, sasa nenda shule. Na ukifika, mwambie mwalimu wako kwamba tumefaulu."

Chiriku akatoka mbio, akipita katikati ya makofi na mashuka meupe.