Kofia Tatu Zilizopinduliwa

Saa mbili kasorobo asubuhi Fundi wa kofia aliurudishia mlango wa kibanda chake, akaenda bombani kuchota maji ya kufukizia kofia kwa mvuke. Saa mbili kamili alirudi, na kofia ya pama ya marehemu mteja wake haikuwepo. Dakika kumi na tano tu, jamani, na ndoo moja ya maji.

Aliitafuta juu ya rafu, chini ya meza, hata ndani ya kikasha cha nyuzi ambamo kofia ya mtoto mchanga isingeenea. Wapi! Ilikuwa pama ya majani membamba, iliyosukwa laini kama kitambaa. Marehemu aliivaa miaka thelathini, na miaka yote hiyo Fundi ndiye aliyeitunza. Keshokutwa mtoto wa marehemu angeoa akiwa ameivaa.

Bwana harusi mwenyewe alifika saa mbili na nusu. Aliposikia, uso ulimshuka.

"Mzee, hakuna anayeijua thamani ya kofia ile kama wewe."

"Mwanangu, ningetaka kuiiba ningengoja baba yako afe kwanza?"

"Sijui. Saa kumi jioni nikiwa sijaiona, naenda polisi."

Fundi aliumia. Watu walimletea kofia za baba zao na babu zao, vitu visivyopatikana tena dukani. Akishaitwa mwizi, nani atamwachia tena cha marehemu wake?

Akafunga mlango, akaketi, akatazama. Pama alikuwa ameiweka nyuma kabisa ya rafu, na mbele yake zilikaa kofia tatu za wateja wengine. Mwizi alizitoa ili aifikie, akaziweka mezani. Zote tatu zilikuwa zimepinduliwa, utosi chini, ukingo juu. Hapo Fundi akajikuna kidevu. Katika watu mia, tisini na tisa huilaza kofia kwa ukingo wake, na ukingo hujikunja ukaharibika. Anayeipindua ni aliyefundishwa.

La pili lilikuwa ukanda wa ngozi, ule unaokaa ndani ya kofia na kugusa paji la uso. Wa zamani alishaufuta kwa spiriti jana jioni, na leo alikuwa autoe aweke mpya, ambao alishaukata kwa kipimo cha pama ile. Sasa ule mpya ulikuwa umetupwa chini ya meza. Mwizi wa kuuza, au wa kuvaa, angeondoka nao.

Jirani yake, fundi viatu, alikuwa na habari. "Saa mbili kasoro dakika kumi nilimwona Kichwa Arobaini mlangoni kwako."

Kichwa Arobaini alikuwa mkusanyaji wa kofia za zamani. Alikuwa nazo arobaini, na kichwa kimoja kama sisi wengine. Pama ile aliiomba hata siku ya mazishi, mtu hana haya. Saa nne Fundi alikuwa sebuleni kwake.

"Asubuhi ulikuja kwangu kufanya nini?"

"Kuitazama tu pama. Macho hayana pazia, Fundi."

"Ukaingia?"

"Niingieje? Nilibisha, kimya. Ila nilisikia kama mtu anatembea ndani, nikadhani umenichoka."

Alisema hayo huku akivua kofia yake kwa kuibana utosini kwa vidole viwili, pale pale majani yanapopasuka. Na zile arobaini zilikuwa zimelazwa kwa ukingo rafu nzima, kama kuku wanaoatamia. Fundi alizitazama akazionea huruma. Huyu hakuwahi kuipindua kofia maishani mwake.

Saa saba alikwenda kwa mjane wa marehemu, amwombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Bwana harusi alikuwa mezani, hakuitikia salamu. Mjane alipokea kofia ya mgeni kama ilivyo adabu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaishika ukingoni, akaiweka mezani imepinduliwa.

Fundi alisahau radhi aliyokuja nayo.

"Shemeji, nani alikufundisha kuiweka hivyo?"

"Yeye. Nani mwingine?"

"Zile tatu za asubuhi nazo uliziweka vizuri."

Mjane aliingia chumbani. Akatoka na pama.

"Mama?" bwana harusi akasimama.

"Nimeiba mimi. Nilikwenda kumwomba Fundi asiutoe ukanda wa zamani. Sikumkuta. Nilipouona mpya umeshakatwa, nikautupa, nikaichukua."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia nini, na wewe una furaha yako? Baada ya msiba mlifua kila kitu. Mashati, shuka, hata taulo. Mlinisaidia, nashukuru. Ikabaki hii. Nilikuwa nafungua kabati, naiinamia, namkuta baba yako mzima." Akamgeukia Fundi. "Umeitwa mwizi, nami nimekaa kimya hapa. Nisamehe. Kabla ya saa kumi ningekuja."

"Yamekwisha, shemeji."

"Nisamehe na mimi, Mzee," akasema bwana harusi, kisha akamwambia mama yake, "Basi kaa nayo. Nitaoa kichwa wazi."

"Utaivaa. Nimechelewa, mwanangu." Akampa Fundi pama. "Inuse."

Fundi akainusa. Ilinuka spiriti, basi. Ndivyo alivyofanya kwa kila kofia, jasho la zamani lisije likatia doa kwenye majani. Kazi safi ya miaka thelathini. Hakupata pa kuyaweka macho yake.

"Shemeji, mimi..."

"Ulikuwa unaitunza. Hukujua." Mjane akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Lakini jana, kabla hujaufuta ukanda, uliunusa?"

"Niliunusa. Huwa nanusa kwanza, nijue kama kuna ukungu."

"Ulikuwa unanukia nini?"

Fundi akafumba macho, akaitafuta jana yake.

"Tumbaku ya kiko. Na mafuta ya nywele, yale mazito. Na huku nyuma, kisogoni, sabuni ya kunyolea."

"Kisogoni," akasema mjane, machozi yakimtoka. "Hakuwa anajisuuza vizuri. Nilikuwa nikimsema kila asubuhi." Akaweka mkono juu ya ukingo wa pama. "Sema tena, shemeji. Polepole."

Fundi akasema tena.