Sakafu Aliyoiahidi Kageha

Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ngano, Kageha aliteremka bomani kuomba samadi mbichi. Baba wa rafiki yake Chepkorir, mchungaji wa ng'ombe katika shamba la mlowezi mmoja Kaburu karibu na Eldoret, alimjazia karai bila kuuliza neno. Mwaka ulikuwa 1938, na Kageha alikuwa na miaka kumi na miwili. Alichanganya samadi na majivu na maji ya mto, akapiga magoti katika kanisa dogo la udongo la wafanyakazi, akaipaka sakafu kwa kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, hadi mlangoni. Kisha alisimama nje akiitazama ikikauka polepole, na dunia nzima ilionekana kutulia.

Hakuna aliyejua sababu. Mwezi wa tisa, mdogo wake Musimbi alishikwa na kichomi, baba akampeleka hospitali mjini kwa gari la ng'ombe. Jumapili hiyo watu walikaa kimya kanisani, kama ilivyo desturi ya Wakristo wa kwao Maragoli. Katika kimya kile Kageha aliweka nadhiri moyoni: "Mungu, Musimbi akipona, nitaipaka sakafu yako kila Jumamosi mpaka Krismasi."

Musimbi alipona. Mama Tryphosa, mjane aliyeipaka sakafu hiyo miaka yote, alidhani kina mama wenzake wameyahurumia magoti yake mabovu na kumpokea kazi. Alishukuru, akapumzika.

Halafu mwezi wa kumi na moja mashine ya kupura ngano ikaja.

"Twende tukalale kwenye majani ya ngano," Chepkorir alimwambia. "Hiyo sakafu yako itatoroka?"

Wakaenda. Majani yalikuwa na joto la jua, mashine ikinguruma kwa mbali, vumbi la dhahabu likielea hewani, na mawingu yakipita taratibu kana kwamba hayana safari. Ni nani angekumbuka karai la samadi? Nitapaka Jumatatu, Kageha alijiambia. Jumatatu ikapita. Na nadhiri yenyewe, nani aliisikia? Jumamosi tatu zikaenda hivyo hivyo, na siku nyingine alimbeba hata Musimbi mgongoni wakacheze naye huko.

Ijumaa moja jioni Musimbi akaanza kukohoa.

Kageha aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kulipokucha alinyakua karai, akakimbia bomani, kisha kanisani. Mlangoni akasimama. Mama Tryphosa alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja ukishika ukuta, mwingine ukipaka.

"Niachie, Mama," Kageha alisema, machozi yakimtoka. "Hiyo kazi ni yangu." Akamweleza yote. "Sasa Musimbi anakohoa. Mungu anamchukua kwa sababu yangu."

Mama Tryphosa alijiinua polepole, akaketi kwenye benchi. "Jana mlikuwa wapi naye?"

"Kwenye mashine."

"Basi amemeza vumbi la ngano. Mama yako ampeleke kwa dresa wa zahanati leo asikilizwe kifua, na usimrudishe kule. Mungu hamnyang'anyi mtu mdogo wake kwa sababu ya kusahau samadi."

"Kwa hivyo nadhiri yangu si kitu?"

"Sijasema hivyo. Nani alikulazimisha kuiweka?"

"Hakuna."

"Ungenyamaza, Mungu angempenda Musimbi vilevile. Hukununua uhai wake. Ulimpa Mungu neno lako kwa hiari, na neno la hiari ndilo la kutunza zaidi. Wiki hizi tatu neno lako lilikuwa wapi?"

"Kwenye majani ya ngano," Kageha alijibu kwa sauti ndogo.

"Na sakafu ilikuwa kwenye magoti yangu."

Hilo Kageha hakuwa amelifikiria kabisa. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Alipiga magoti, akaendelea pale Mama Tryphosa alipoachia.

Dresa alikuta vumbi tu, na baada ya siku mbili Musimbi alikuwa mzima. Krismasi ilipita, na Kageha akaongeza Jumamosi tatu za Januari badala ya zile alizoacha. Jumamosi ya nne Mama Tryphosa alifika na karai lake, akamkuta Kageha yuko sakafuni, Chepkorir akimmiminia maji.

"Nadhiri si imekwisha?" mjane aliuliza.

"Imekwisha, Mama."

"Leo umemwahidi nani, basi?"

"Hakuna. Nimekumbuka magoti yako."

Mama Tryphosa alizitazama nusu duara zile mbichi ziking'aa. "Usiharakishe kuahidi, mwanangu," alisema, "na ukiahidi, timiza hata kama hakuna aliyesikia. Nadhiri yako Mungu aliipokea. Na kazi hii ya leo, ambayo hukumwahidi, nafikiri ameipenda pia."

Akaketi nje juani, akanyoosha miguu.